Kukadiria dhahabu iliyo chini ya ardhi kwa kompyuta: mwongozo kwa vijana wa jiolojia na wenye mashimo, Kakamega hadi Migori

Kuanzia Ikolomani hadi Siaya, na kusini hadi Nyatike, kuna miamba yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, ya ukoo mmoja na ile ya Geita ng'ambo ya mpaka. Dhahabu yake imechimbwa tangu miaka ya 1930. Mgodi wa Rosterman, karibu na mji wa Kakamega, ulifungwa mwaka 1952, na wa Macalder kule Migori katikati ya miaka ya 1960. Wachimbaji wadogo hawajawahi kuondoka. Swali linaloulizwa kila mahali ni lile lile: chini kumebaki kiasi gani?

Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kulijibu kwa jiostatistiki, yaani takwimu zinazozingatia mahali kila sampuli ilipotoka. Nauandika kwa wanafunzi wa jiolojia, kwa vyama vya wachimbaji wadogo, na kwa familia ambazo siku moja zitaletewa karatasi yenye idadi ya wakia zilizo chini ya shamba lao. Nashikilia jambo moja: makadirio yasiyotaja ukubwa wa kosa lake hayajakamilika, na mwenye ardhi ana haki ya kuambiwa yote mawili.

Vifaa si vya gharama. Kompyuta ya mkononi ya kawaida inatosha. Kwa jedwali tumia LibreOffice, kwa ramani QGIS. Kwa hesabu zenyewe kuna kifurushi cha gstat katika lugha ya R, au PyKrige na GSTools katika Python. Asiyependa kuandika msimbo anaweza kutumia SGeMS, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford. Zote hizi ni bure. Makampuni hutumia Surpac, Datamine au Leapfrog, lakini hesabu iliyo ndani ni ile ile.

Hatua ya 1: Chora mwamba kabla ya kugusa hesabu

Kabla ya namba yoyote, jiulize dhahabu imekaa ndani ya nini. Sehemu kubwa ya Kakamega hukaa kwenye mishipa ya kwatzi na kingo zake, ndani ya miamba ya volkano au ya mashapo iliyobanwa na kukatwakatwa. Chora ramani ya mishipa: inaelekea wapi, imelala kwa pembe gani, inakatika wapi. Shuka na wachimbaji wenyewe, kwa ruhusa yao na kwa usalama, maana wanajua mshipa ulipopotea na ulipojitokeza tena.

Kisha zungushia mpaka kila eneo lenye tabia moja. Mshipa uwe eneo lake, mwamba ulio kando eneo lake, na udongo mwekundu uliooza juu nao uwe peke yake. Ukichanganya sampuli za mshipa na za mwamba mtupu, kompyuta itakupa wastani usiowakilisha chochote, na hakuna hesabu ya baadaye itakayoliponya kosa hilo.

Hatua ya 2: Sampuli

Hapa ndipo makadirio mengi huharibikia. Dhahabu ya mishipa mara nyingi ni ya chembe kubwa, na maabara huyeyusha gramu 30 au 50 tu za unga. Ni kama kuchota kikombe kimoja kutoka gunia la mahindi lililochanganyika na punje chache za maharagwe: kikombe cha kwanza hakina hata moja, cha pili kina tatu, na gunia ni lile lile.

Kwa hiyo chukua sampuli kubwa. Ukutani mwa shimo, chonga mfereji mdogo wenye upana na kina sawa kuanzia ukingo mmoja wa mshipa hadi mwingine, na kusanya vipande vyote. Usiokote jiwe linalong'aa. Saga sampuli yote hadi iwe unga laini kabla ya kuigawa. Dhahabu inayoonekana kwa macho ikiwapo, omba maabara ichekeche kilo moja nzima na kupima chembe kubwa na unga laini kila kimoja peke yake.

Ndani ya kila kundi la sampuli chomeka tatu za ukaguzi: sampuli tupu ya jiwe lisilo na dhahabu, sampuli ya rejea ambayo kiwango chake kinajulikana, na nakala ya sampuli iliyomo tayari. Zipe namba kama nyingine ili maabara isizitambue. Tupu ikirudi na dhahabu, kuna uchafuzi. Rejea ikirudi na jibu lililopinda, rudisha kundi zima lipimwe upya. Nakala zikitofautiana sana, yaweke majibu hayo, utayahitaji kwenye hatua ya 6.

Pima pia uzito wa mwamba wenyewe. Kipande cha kwatzi chenye gramu 1,325 hewani na gramu 825 kikiwa kimening'inizwa ndani ya maji kina ujazo wa sentimita 500 za ujazo, hivyo uzito wake ni tani 2.65 kwa mita ya ujazo. Mwamba uliooza una matundu na ni mwepesi zaidi. Ukaushe kwanza, kisha ufunge kwa nta kabla ya kuuzamisha. Watu hupenda kubahatisha namba hii, ilhali kosa la asilimia 10 hapa ni kosa la asilimia 10 kwenye tani zote.

Hatua ya 3: Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Tengeneza majedwali matatu. La kwanza ni la mahali kila shimo au mtaro unapoanzia, la pili ni la mwelekeo na pembe yake kila baada ya mita kadhaa, na la tatu ni la sampuli: kutoka mita ngapi hadi ngapi, na kiwango cha dhahabu kwa gramu kwa tani.

Eneo letu lina mitego miwili ya pekee. Wa kwanza ni ikweta, inayopita karibu na Maseno. Kakamega iko kaskazini yake, na Nyatike iko kusini. Katika UTM, mfumo wa ramani unaopima kwa mita umbali kutoka ikweta, zote ziko ukanda wa 36, lakini upande wa kusini huongezewa mita 10,000,000. Kakamega ukiisoma kwa ukanda wa kaskazini utapata kama mita 31,000. Ukiisoma kwa ukanda wa kusini utapata kama 10,031,000. Chagua mfumo mmoja na uandike juu ya kila jedwali.

Mtego wa pili ni kwamba ramani za zamani za Kenya zilichorwa kwa datamu (msingi wa vipimo vya ramani) ya Arc 1960, ilhali simu na GPS hutoa WGS84. Tofauti yake hapa kwetu ni karibu mita 300 kaskazini-kusini. Mshipa wa upana wa mita moja uliosogezwa mita 300 umeshaingia kwenye shamba la mtu mwingine. QGIS hubadilisha kwa usahihi, mradi uiambie ramani ilitoka mfumo gani.

Matokeo yaliyo chini ya uwezo wa kipimo cha maabara usiyaandike sifuri, wala usiyaache wazi. Desturi ni kuandika nusu ya kiwango hicho. Nafasi iliyo wazi ibaki na maana moja tu: haikupimwa.

Hatua ya 4: Urefu sawa, na thamani zilizokithiri

Sampuli ya sentimita 40 yenye gramu 12 kwa tani na jirani yake ya sentimita 60 yenye gramu 3 hazina wastani wa 7.5. Zidisha kila moja kwa urefu wake: 0.4 mara 12 ni 4.8, 0.6 mara 3 ni 1.8, jumla 6.6 kwa mita moja. Kwa hiyo kiwango ni 6.6. Fanya hivi hadi sampuli zote ziwe za urefu mmoja.

Kwa mishipa myembamba nashauri njia nyingine, ambayo huleta nidhamu zaidi. Zidisha unene wa mshipa kwa kiwango chake, upate kile wahandisi huita mlimbikizo. Mshipa wa mita 0.3 wenye gramu 20 na mshipa wa mita 1.2 wenye gramu 5 vyote vina mlimbikizo wa 6, yaani dhahabu ni sawa kwa kila mita ya mraba. Kadiria mlimbikizo na unene kila kimoja peke yake, kisha mwishoni gawanya cha kwanza kwa cha pili ili urudishe kiwango.

Baada ya hapo panga viwango kutoka kidogo hadi kikubwa, uvichore. Karibu kila mara utaona nyingi ndogo na chache kubwa mno. Kama karibu zote ziko chini ya 30 halafu moja ni 180, hiyo moja isiachwe itajirishe kilima kizima. Tafuta mahali ambapo mchoro unakatika, na thamani zote zilizo juu ya hapo zishushe hadi hapo. Usizifute, maana dhahabu ile ilikuwepo kweli. Andika kwenye ripoti umekatia wapi na kwa nini, na jumla ingekuwa ngapi kama usingekata. Tofauti hiyo ikiwa kubwa, makadirio yako yamesimama juu ya mawe machache.

Hatua ya 5: Punguza uzito wa sehemu zilizochimbwa sana

Mchimbaji hufuata utajiri, na ndiyo akili. Lakini matokeo yake ni kwamba sampuli nyingi zitatoka sehemu nono, na wastani wao wa kawaida utapanda kuliko wastani wa mshipa mzima. Gawanya eneo kwa miraba, kisha kila sampuli ipewe uzito wa 1 uliogawanywa kwa idadi ya sampuli zilizo ndani ya mraba wake. Jaribu miraba ya ukubwa mbalimbali. Wastani utakaopata ndio utakaotumia baadaye kuikagua modeli, yaani makadirio ya mshipa mzima yatakayotoka kwenye kompyuta.

Hatua ya 6: Variogramu

Hiki ndicho kitovu cha kazi. Mhandisi Danie Krige, akifanya kazi kwenye migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, alionyesha mwaka 1951 kwamba vitalu vilivyoonekana vitajiri kwa sampuli zake vilitoka na dhahabu pungufu vilipochimbwa, na vilivyoonekana maskini vilitoka na zaidi. Mfaransa Georges Matheron akaijengea hoja hiyo nadharia kamili miaka ya 1960, na hesabu yake akaipa jina la Krige, yaani krigingi. Nadharia hiyo inauliza swali moja: sampuli mbili zinafanana kiasi gani, kulingana na umbali kati yao?

Fanya kwa mkono mara moja kabla ya kuiachia kompyuta. Chukua mtaro wenye sampuli sita, kila baada ya mita 5: 2, 3, 5, 4, 1, 2. Kwa umbali wa mita 5 una jozi tano. Tofauti zake zikipigwa mraba ni 1, 4, 1, 9, 1, jumla 16. Gawanya kwa mara mbili ya idadi ya jozi, yaani 10, upate 1.6. Kwa mita 10 una jozi nne: 9, 1, 16, 4, jumla 30, gawanya kwa 8, upate 3.75. Kwa mita 15 jozi ni tatu, jumla 17, gawanya kwa 6, upate kama 2.83. Weka umbali chini na majibu haya wima, hiyo ndiyo variogramu. Namba ya mwisho imeshuka kwa sababu jozi ni tatu tu. Usiamini nukta yenye jozi chini ya 30.

Ukiwa na data ya kutosha, nukta hupanda kisha hutulia. Soma mambo matatu. Urefu zinapotulia huitwa dari, na kwa kawaida hukaribia variansi ya data yote, yaani kipimo cha jinsi thamani zinavyotawanyika. Umbali zinapofikia dari huitwa masafa: sampuli iliyo mbali kuliko hapo haikwambii lolote la pekee kuhusu mahali ulipo. Na pale mchoro unapogusa mstari wa wima, umbali ukiwa sifuri, kuna mruko wa mwanzo. Mruko huu ni tofauti iliyopo hata kati ya vipande viwili vya jiwe vilivyogusana, pamoja na makosa ya sampuli na ya maabara. Zile nakala za hatua ya 2 zinakuonyesha sehemu gani ya mruko ni kosa lenu na sehemu gani ni tabia ya mwamba.

Dhahabu ya mishipa ina mruko mkubwa, mara nyingi nusu ya dari au zaidi. Linganisha na matabaka ya diatomiti (mwamba mweupe, mwepesi) ya Kariandusi, karibu na Gilgil, yaliyotandazwa polepole chini ya ziwa la kale: tabaka la namna hiyo hubadilika taratibu, na mruko wa unene wake huwa mdogo. Ndiyo sababu umbali kati ya mashimo unaotosha kwa diatomiti hautoshi hata kidogo kwa dhahabu. Mtu akikuambia amechoronga kila mita 100 na anajua dhahabu ya kila kitalu, mwombe variogramu yake.

Chora variogramu kwa mwelekeo: kufuata urefu wa mshipa, kufuata mteremko wake, na kuukata. Mara nyingi masafa ni marefu upande mmoja, kwa kuwa dhahabu ilipita kwenye njia fulani ya mshipa. Mruko usome kutoka kwenye mashimo yenyewe, kwenda chini, ambako sampuli zimekaribiana zaidi. Nukta zikiyumba kwa sababu ya thamani kubwa chache, geuza data iwe logariti ili uone umbo, lakini usikadirie kwa logariti kisha ukarudisha hivi hivi. Wastani wa 1, 10 na 100 ni 37. Ukipitia logariti na kurudi bila marekebisho utapata 10.

Mwisho, chagua mchoro laini wa kupitisha kwenye nukta. Umbo la tufe (kwenye programu huitwa spherical) hufaa mara nyingi. Usikubali programu ichague yenyewe bila wewe kuangalia, kwa sababu haijui kwamba nukta ya tatu imetokana na shimo moja lenye kokoto la ajabu.

Hatua ya 7: Vitalu na krigingi

Gawanya mshipa kwa vitalu. Kitalu kisiwe kidogo kuliko nusu ya umbali kati ya mashimo, au theluthi ukilazimika. Mashimo ya kila mita 40 yenye vitalu vya mita 5 hutoa picha ya rangi nzuri isiyo na ushahidi nyuma yake.

Kisha endesha krigingi ya kawaida. Kwa kila kitalu, kompyuta hutafuta sampuli za jirani na kuzipa uzito ambao jumla yake ni 1, kwa namna inayopunguza kosa kadiri ya variogramu. Sampuli mbili zilizokaribiana upande mmoja hugawana uzito, kwa hiyo haziwezi kupiga kura mara mbili. Mruko ukiwa mkubwa, uzito husambazwa karibu sawa kwa sampuli zote, na makadirio husogea kuelekea wastani. Si kasoro ya programu. Data yenyewe haina uwezo wa kutofautisha vitalu hivyo.

Tafuta majirani ndani ya duaradufu yenye umbo la masafa yako. Anza na sampuli zisizopungua 6 na zisizozidi 16, halafu badilisha uone matokeo yanayumba kiasi gani. Weka pia kikomo cha sampuli kutoka shimo moja.

Hatua ya 8: Kagua bila huruma

Linganisha wastani wa modeli na wastani wa hatua ya 5. Tofauti ikizidi asilimia 5, itafutie sababu kabla ya kuendelea. Kata modeli vipande kutoka mashariki hadi magharibi na chora wastani wa vitalu na wa sampuli kwenye kila kipande: mistari miwili ifuatane, wa vitalu ukiwa laini zaidi. Ondoa sampuli moja moja, kadiria mahali pake kwa kutumia zilizobaki, uone umekosea kiasi gani.

Krigingi hukupa pia variansi ya kosa, ila tahadhari: inategemea mpangilio wa sampuli na variogramu tu, haiangalii viwango vyenyewe. Ukitaka kujua jumla inaweza kuyumba kiasi gani, fanya uigaji: kompyuta itengeneze mishipa 100 tofauti, yote ikiheshimu sampuli zako na variogramu yako. Panga jumla zake, kisha taja ya 10 na ya 90. Pengo kati ya hizo mbili ndilo jibu la uaminifu.

Hatua ya 9: Tani, gramu, wakia

Hesabu yenyewe ni fupi. Sehemu ya mshipa yenye urefu wa mita 100, kina cha mita 60 na unene wa mita 0.8 ina mita za ujazo 4,800. Mara 2.65 ni tani 12,720. Kwa gramu 6 kwa tani ni gramu 76,320, yaani kilo 76.3. Gawanya kwa 31.1035, upate kama wakia 2,454.

Ondoa yaliyokwisha kuchimbwa. Kwetu hili si dogo: kuna mashimo ya wakoloni na kuna ya juzi, mengi bila ramani. Pima unayoweza kuyafikia, uliza wazee wa eneo, na usipoweza kupima, chora eneo hilo na ulitoe lote. Kisha onyesha jumla kwa viwango kadhaa vya chini, ambavyo mwamba ulio chini yake hauhesabiwi, kwa mfano gramu 1, 2, 3 na 5 kwa tani, kwa sababu bei ya dhahabu na gharama ya kusaga hubadilika.

Hatua ya 10: Daraja na ripoti

Kanuni za kimataifa, zikiwemo JORC ya Australia na SAMREC ya Afrika Kusini, hutenganisha rasilimali na akiba. Rasilimali ina madaraja matatu kulingana na wingi wa ushahidi: ya kukisiwa, iliyoonyeshwa na iliyopimwa. Akiba ni ile sehemu ya madaraja mawili ya juu ambayo imethibitika kuchimbika kwa faida baada ya kuhesabu gharama, upotevu na vibali. Rasilimali ya kukisiwa haiwezi kuitwa akiba.

Mwaka 2020, kampuni ya Shanta Gold iliponunua mradi wa dhahabu wa Magharibi mwa Kenya kutoka kampuni ya Barrick, ulitangazwa kuwa na wakia milioni 1.18 kwa wastani wa gramu 12.6 kwa tani, zote za daraja la kukisiwa. Hesabu mwenyewe: ni kama tani milioni 2.9 za mwamba. Kazi ya mashine za kuchoronga zilizofuata kule Isulu na Bushiangala, Kakamega, ilikuwa kupandisha daraja hilo. Habari kama hiyo ikisomwa kwenye baraza, neno "kukisiwa" litajwe kwa sauti ile ile inayotaja milioni. Chini ya Sheria ya Madini ya 2016, mrabaha hugawanywa asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, 20 kwa kaunti na 10 kwa jamii, kwa hiyo jamii ina sababu ya kuijua namba hiyo ilivyopatikana.

Ripoti ya kumpelekea mwekezaji au soko la hisa lazima itiwe saini na mtaalamu aliyesajiliwa. JORC hudai uzoefu usiopungua miaka mitano kwenye aina hiyo ya madini. Ripoti ya chama chenu haihitaji hayo, lakini iwe na vitu hivi: ramani ya sampuli, matokeo ya sampuli za ukaguzi, mahali ulipokatia thamani kubwa, variogramu pamoja na idadi ya jozi za kila nukta, jumla ya chini na ya juu kutoka kwenye uigaji, na mashimo uliyoyatoa. Hifadhi majedwali ya awali na msimbo sehemu mbili tofauti, moja ikiwa mikononi mwa katibu wa chama, ili mtu mwingine aweze kuirudia hesabu yote mwanzo hadi mwisho bila kukupigia simu.